Bawabu wa Damu na Suala la Kadari

Mtoto aliyerithi selimundu kwa baba na kwa mama hazaliwi mgonjwa. Huzaliwa akalia kama waliavyo wenziwe, akanyonya, akanenepa, akapakatwa na bibi zake na kusifiwa, na kwa muda wa miezi minne, mitano, au sita hivi hakuna jicho la mzazi wala la mkunga liwezalo kumpambanua na mtoto mwingine. Kisha, pasipo sababu ionekanayo, vidole vyake vya mikono na miguu huvimba, macho huingia umanjano, damu hupungua, na maumivu ya mifupa ambayo watu wazima walioyapata huyasimulia kwa kutetemeka huanza kumjia kiumbe ambaye bado hajajua kusema panapomuuma. Ni desturi ya wazazi, penye msiba wa namna hii, kutazama nyuma na kuuliza ni jambo gani lililotokea baina ya miezi ile ya furaha na mwezi huu wa kilio: nani alimbeba, nani alimtazama kwa jicho la husuda, ni nadhiri gani haikutimizwa, ni dhambi ya nani inayolipwa. Swali lenyewe si la kijinga. Hakika kitu kimetokea katika miezi ile, nacho kimetokea ndani ya damu ya mtoto. Waliokosea ni wale waliolijibu upesi kabla ya kuitazama damu.

Aliyeitazama kwa makini ni tabibu wa watoto aitwaye Janet Watson, huko New York, ambaye mwaka 1948 alibainisha kwamba chembe nyekundu za watoto wachanga waliorithi tabia hiyo hazigeuki umbo la mundu kwa wingi ule uonekanao katika chembe za mama zao, akakisia kuwa kinachowahifadhi ni himoglobini waliyotoka nayo tumboni. Himoglobini ndiyo protini iipayo damu wekundu wake na ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni hadi kila kiungo, nayo, tukiiacha ile ya majuma ya awali kabisa ya mimba, mwanadamu hupewa kwa zamu mbili: kwanza ile ya tumboni, ambayo huishika oksijeni kwa nguvu zaidi ili ipate kuivuta kutoka katika damu ya mama, kisha ile ya ukubwani, ambayo hushika zamu karibu na kuzaliwa na kuienea damu yote katika nusu ya kwanza ya mwaka. Jeni zinazozitofautisha himoglobini hizi mbili zimepangwa jirani katika kromosomu ya 11. Selimundu ni badiliko la herufi moja tu katika jeni ya ile ya ukubwani, na athari ya badiliko hilo Vernon Ingram wa Cambridge aliionyesha katika miaka ya 1956 na 1957, kwamba asidi-amino moja imekaa mahali pa nyingine katika nafasi ya sita ya mnyororo wenye asidi-amino 146. Lakini ile ya tumboni haikuguswa. Iko nzima, haina kasoro, katika kila chembe iliyobeba urithi wa mgonjwa, tangu siku ya kwanza hadi siku ya kaburi, ila imenyamazishwa.

Itafakari hali hiyo, msomaji mwema. Mgonjwa amelala akiugua, na ndani ya uboho wa mifupa hiyo hiyo inayomuuma mna kinga timilifu, aliyoitumia bila ya kuijua alipokuwa kitoto cha mwezi mmoja, na sasa imefungiwa asiifikie. Nani aliyeifungia, na kwa hikima gani?

Sehemu ya kwanza ya swali hilo imekwisha kujibiwa na elimu ya viumbe, na jibu lake limechukua miaka sitini. Mwaka 2007 wachunguzi wa London, na mwaka 2008 wenzao waliowapima watu wa kisiwa cha Sardinia, walikuta kwamba watu ambao himoglobini ya tumboni hubaki kwao kwa kiasi kikubwa kuliko kawaida hutofautiana na wengine mahali pamoja katika kromosomu ya 2, penye jeni iitwayo BCL11A. Na mwaka 2008 huo huo Vijay Sankaran na Stuart Orkin, huko Boston, wakadhihirisha kwamba protini itokanayo na jeni hiyo ndiyo iinyamazishayo himoglobini ya tumboni. Jina lake ni kavu, la daftarini, lililobakia tangu ilipojulikana kwanza katika saratani za chembe nyeupe za damu, na wala halidokezi ukubwa wa kazi yake. Kila protini ya mwilini haina budi kuanza kwa kunukuliwa: ujumbe wa jeni hunakiliwa kutoka katika DNA, na nakala hiyo ndiyo isomwayo chembe inapounda protini. Protini ya BCL11A haijengi kiungo, haichukui oksijeni, haiyeyushi chakula. Kazi yake katika damu ni kujishikiza juu ya DNA mahali maalumu na kuuzuia unukuzi. Ni bawabu aliyewekwa mlangoni, ambaye fadhila yake yote ni kukataa.

Mwaka 2018 pakajulikana hata pale asimamapo: juu ya herufi sita, TGACCA, zilizo umbali wa herufi 115 hivi kabla ya mwanzo wa jeni anayoizuia. Na bawabu mwenyewe si sultani. Huko Malta, mwaka 2010, ilielezwa habari za jamaa moja ambao himoglobini ya tumboni haikuwatoka kwa kuwa walirithi kasoro katika jeni nyingine, KLF1, ambayo ni mojawapo ya zile zimwamrishazo bawabu ashike kazi. Na protini nyingine ya damu, GATA1, hujishikiza ndani ya BCL11A yenyewe, katika sehemu isiyotafsiriwa kuwa protini, na kuichochea itende kazi katika chembe zitakazokuwa nyekundu. Amri imetoka kwa mwingine, na huyo mwingine naye ameipokea, na mfululizo huo ukiufuata nyuma hukufikisha kwenye yai na mbegu, na nyuma ya hapo kwa wazazi, na nyuma ya wazazi kwa wahenga ambao majina yao yamefutika.

Aliyepata kusoma mabishano ya wanazuoni wa zamani juu ya sababu na matokeo hatakosa kuyakumbuka hapa. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa kwamba moto hauiunguzi pamba kwa nguvu zake wenyewe, bali Mungu ndiye auumbaye muunguzo pale viwili hivyo vikutanapo, na kwamba tunachokiita sababu ni mazoea ya macho yetu tu. Na Ibn Rushd wa Andalusi, kabla hazijatimia miaka mia tangu kitabu kile, akamjibu kwa kitabu kingine kwamba mwenye kuzikana sababu ameikana akili, kwa kuwa kazi ya akili si nyingine ila kuzijua sababu. Sitaki kujitia kadhi baina ya bahari mbili hizi. Ila naona kwamba bawabu wa damu amempa kila mmoja haki yake. Amempa Ghazali, kwa kuwa jeni ya himoglobini ya tumboni, ijapokuwa herufi zake zote zimetimia, haitendi kitu kwa nguvu ya kuwepo kwake: herufi zile zile hunena mwezi wa kwanza na kunyamaza mwezi wa saba, na aliyezisoma zote pasipo kujua amri iliyo juu yake hawezi kutabiri lolote. Amempa Ibn Rushd, kwa kuwa kunyamaza huko hakukuwa fumbo lisilofumbuka; kulikuwa na sababu, sababu ina mahali na jina, na walioitafuta kwa subira waliipata.

Na hapa lipo jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote katika habari hii. Watu wetu, Waislamu kwa Wakristo, husema juu ya maradhi ya kurithi kwamba yameandikwa, na kwa kusema hivyo huyachanganya maandishi mawili yasiyo ya daftari moja. Yako yale ya Lauhi Mahfudhi, ambayo muumini huyasadiki na ambayo hapana mwanadamu aliyeyasoma; na yako haya ya damu, ambayo siku hizi husomwa maabarani kwa saa chache. Mtu akionyeshwa herufi yenye kasoro katika kromosomu ya 11 ya mwanawe, ameonyeshwa sehemu ndogo ya maandishi ya pili. Hakuonyeshwa hata nukta ya yale ya kwanza. Kwa nini basi aone kwamba hukumu imekwisha kusomwa? Huenda katika Lauhi imeandikwa kwamba mtoto huyu, mwenye herufi hiyo, atapimwa mapema, atapewa dawa, atakua, ataoa, na atawazika wazee wake kama ipasavyo. Aliyekata tamaa kwa jina la kadari amejidai kuisoma kadari, na dai hilo ni kubwa kuliko dai lolote la tabibu.

Sehemu ya pili ya swali, kwa hikima gani, ni ngumu zaidi, na hapa naomba tusiende mbio.

Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alizipima damu za watu wa nchi hiyo mwaka 1949, akakuta kwamba katika jamii zikaazo karibu na pwani na kandokando ya Ziwa Victoria watu zaidi ya 20 katika kila 100 wamerithi selimundu kwa mzazi mmoja, ilhali katika nyanda za juu hawafiki hata mmoja. Na mwaka 1954 akachapisha dalili za kwamba mrithi wa mzazi mmoja, ambaye yeye mwenyewe huishi kwa siha, amekingwa na malaria kali. Hiyo ndiyo sababu ya herufi hiyo kutopotea, ijapokuwa iliwaua wengi. Warithi wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kupata selimundu kamili, mafungu mawili ya kupata kinga, na fungu moja la kukosa vyote viwili, kinga na maradhi. Hesabu hiyo ni fupi, lakini kaa nayo uone inakopeleka. Maana yake ni kwamba mwambao huu umekaliwa kwa maelfu ya miaka na watu ambao sehemu yao walinusurika kwa sababu ya kitu kile kile kilichowatesa ndugu zao. Na mimi niandikaye, na wewe usomaye ukiwa mzawa wa pande hizi, yamkini tupo duniani kwa kuwa babu fulani alikingwa na homa kwa herufi iliyomuua nduguye wa tumbo moja.

Wapo wahubiri walioisikia habari hii na kuifurahia, wakisema kwamba hiyo ndiyo mizani ya hikima, shari ndogo imelipia kheri kubwa. Nakiri kuwa siwezi kushiriki furaha hiyo. Mtoto aliyelipia hakuulizwa, wala aliyelipiwa hakuomba; na mwenye kuiita bei hiyo kuwa ni ndogo aghalabu hajapata kukesha wodini na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa hadi sauti ikamkauka. Yuko Ghazali tena, ambaye katika maandishi yake ya ukongwe wa elimu yake alisema kwamba katika yawezekanayo hakuna kilicho bora kuliko hiki kilichopo, na wanazuoni wakabishana juu ya kauli hiyo kwa karne nyingi, wengine wakiona kwamba inampunguzia Mola uwezo. Ubishi huo ulikuwa wa maneno matupu muda mrefu, kwa kuwa hapakuwa na kipimo. Sasa kipo kimoja, ijapokuwa ni kidogo. Wamejulikana Wayunani waliobadilika herufi moja miongoni mwa zile sita ambazo bawabu husimama juu yake, hata asiweze kushika. Himoglobini ya tumboni imekaa nao umri wao wote, nao hawana ugonjwa wowote kwa sababu hiyo. Na katika nchi za visima na mitende za Qatif na Al-Ahsa, mashariki ya Saudia, matabibu walieleza tangu miaka ya 1970 habari za watu wenye selimundu kamili ambao maradhi yao ni mepesi, kwa kuwa himoglobini ya tumboni imebaki kwao kwa wingi. Basi mpango ulio na rehema zaidi haukuwa muhali. Ulikuwapo, umetupwa huku na huko katika wanadamu. Lau bawabu angelegea kidogo katika damu za watu wa Kilifi, Tanga, Kisumu na Kinshasa, vizazi vingeepukana na kilio, na mtoto mchanga angezaliwa na kunyonya vile vile.

Jawabu ninaloridhika nalo mimi, na sidai kwamba litamtosha kila mtu, ni kwamba aliyeutazama mpango wa maumbile bila ya kumweka mwanadamu ndani yake ameutazama nusu. Dini zetu hazikusema kwamba dunia ilikabidhiwa kwetu ili tuisifu kama watazamaji. Zimesema kwamba mwanadamu ni khalifa, au kwamba aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, na asiyefanya kazi hana mahali katika kauli hizo mbili. Akili iliyougundua mlango na mkono uliomwondoa bawabu, kama nitakavyosimulia punde, ni viumbe vya Mungu kama ilivyo herufi yenye kasoro. Hoja hii haimtoshi mama aliyezika wanawe watatu kabla dawa haijajulikana, wala haikutungwa ili kumtosha; mtu wa dini aendaye kwake na akae kimya. Lakini moja analopaswa kuambiwa ni kwamba hakutenda kosa. Katika Injili ya Yohana wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu waliuliza ni nani aliyefanya dhambi, yeye au wazazi wake, na jibu walilopewa liliwakatalia yote mawili. Ni ajabu kwamba wasomaji wa kitabu hicho wangali wakiliuliza swali lile lile kila mtoto wa jirani anapougua.

Sasa tuje kwenye suala ambalo watu huliuliza kwanza, nami nimeliweka nyuma makusudi kwa kuwa naliona jepesi: je, ni halali kumgusa bawabu? Mwaka 2019, huko Nashville, mama mmoja wa Mississippi aliyeteswa na selimundu tangu utotoni alitolewa seli shina za damu, zikapelekwa maabarani, na huko, kwa ala ya kukatia DNA iitwayo CRISPR, pakakatwa mahali pale pale ambapo GATA1 hujishikiza ndani ya BCL11A. Uboho wake ukasafishwa kwa dawa kali, naye akarudishiwa seli zake mwenyewe. Himoglobini ya tumboni ikaanza kunena tena katika mwili wa mtu mzima, na mashambulio ya maumivu yakamwacha. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba hiyo, na Desemba ya mwaka huo Marekani ikafuata. Zingatia kilichofanywa na kisichofanywa. Herufi yenye kasoro haikusahihishwa. Iko mahali pake hata leo. Hakutiwa jeni ya mtu mwingine wala ya mnyama. Aliondolewa amri moja katika damu yake, na alichopewa Muumba alipokuwa tumboni kikarejea.

Wanaoharimisha hutaja ile aya ya Suratin-Nisaa isimuliayo kiapo cha Iblisi, kwamba atawaamrisha watu nao watayageuza maumbile ya Mungu. Aya hiyo haina budi kuogopwa na kila mwenye imani, lakini wafasiri wake wamehitilafiana, wengi wao wakiielekeza kwenye kuigeuza dini na wengine kwenye mambo kama kuhasi na kuchanja mwili kwa pambo, wala sijui madhehebu yaliyoielekeza kwenye matibabu. Kwani lau kila kuukata mwili ni kuyageuza maumbile, tohara isingekuwa suna na jino bovu lisingeng'olewa. Mtume aliwahimiza watu watafute dawa, na alipoulizwa kama dawa huzuia kadari alijibu kwamba nayo ni katika kadari. Sayidina Omari, alipoghairi safari ya kuingia Shamu zama za tauni ya Amwas, akaulizwa na Abu Ubeida kama anaikimbia kadari ya Mungu, hakuona haya kukubali, akaeleza kwamba aikimbia kadari moja kwenda kwenye nyingine. Nao wataalamu wa tauhidi walikwisha kutenga, karne nyingi zilizopita, baina ya kuridhia hukumu ya Mungu, ambako ni wajibu, na kukiridhia kile kilichohukumiwa, ambacho huenda kikawa ni maradhi, dhuluma au ukafiri, na hapana sharia imlazimishayo mtu kuviridhia. Muumini anaweza kuridhika na Mola wake asubuhi na jioni na bado akaichukia selimundu kwa moyo wake wote.

Mipaka ipo, hata hivyo, na bawabu mwenyewe ametuonyesha mmojawapo. Mwaka 2016 zilichapishwa habari za watoto waliozaliwa na nakala moja tu ya BCL11A itendayo kazi: himoglobini ya tumboni iliwabakia, lakini akili na maneno yao yalichelewa, kwa kuwa jeni ile ile inyamazishayo katika damu ina kazi nyingine katika kuujenga ubongo. Ndiyo maana waliotengeneza tiba hawakuiharibu jeni katika mwili mzima, bali walitafuta kipande kile tu kinachohusika na damu. Aliyekuwa na haraka angemponya mtoto mifupa na kumpokonya ulimi. Mpaka mwingine ni wa kizazi: seli zinazotibiwa ni za mgonjwa peke yake, hawazirithi wanawe, ama yule mtaalamu wa China aliyetangaza mwaka 2018 kwamba amebadili jeni za mimba, hata watoto wakazaliwa wakiwa wamekwisha kuchaguliwa urithi wao na wa wajukuu wao, yeye alivuka kwenda kwenye mlango mwingine kabisa, na mahakama ya nchi yake ikamfunga. Sioni vigumu kusema halali kwa la kwanza na kulizuia la pili.

Lililo gumu ni bei. Tiba hiyo imewekewa nchini Marekani thamani ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, nayo haifanyiki ila penye hospitali kubwa, maabara za hali ya juu, na wiki nyingi za kulazwa. Duniani huzaliwa watoto zaidi ya 300,000 wenye selimundu kila mwaka, na walio wengi huzaliwa Afrika. Tanzania peke yake hukadiriwa 11,000. Fauka ya hayo, elimu yenyewe haikupatikana bila ya damu zao. Wagonjwa wa Muhimbili ni miongoni mwa waliopimwa ili kujua kama mabadiliko ya BCL11A huongeza himoglobini ya tumboni kwa Waafrika kama yaongezavyo kwa Wazungu, na matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2011 na Dakta Julie Makani na wenziwe wa Dar es Salaam na London, yalithibitisha kwamba ndivyo. Aliyetoa damu yake ili mlango ujulikane ana haki ya kuuingia, na hapo ndipo ningependa wanazuoni wetu waelekeze ukali wao. Wanabishana kama ni halali kukata herufi ndani ya seli, jambo ambalo hapana yeyote katika waumini wao atakayefanyiwa mwaka huu wala mwakani, na hawaulizi kama ni halali mtoto wa Muheza afe kwa kukosa vidonge.

Kwa maana vidonge vipo. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza iliyojulikana zamani, huipandisha himoglobini ya tumboni kwa njia yake, si kwa ukamilifu wa tiba ile ya kukata, lakini kwa manufaa yasiyo na shaka. Nchini Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima tangu mwaka 1998. Ilidaiwa kwamba huenda ikawadhuru watoto wa nchi za malaria. Watoto 606 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda wakapewa, na matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2018 yakaonyesha kwamba maumivu yalipungua, haja ya kuongezwa damu ilipungua, malaria yenyewe ilipungua, na vifo vilipungua. Penye dawa ya namna hiyo, kuifikisha kwa mwenye kuihitaji ni faradhi ya kutoshelezana, ambayo wasipotokea wa kuitimiza mji mzima hubeba dhambi.

Basi khatibu asimamaye mimbarini Ijumaa na padri asimamaye madhabahuni Jumapili nawaomba walitaje jambo hili kwa jina lake, wala wasilifiche chini ya maneno ya mitihani na majaaliwa: wachumba na wapime damu zao kabla ya nikaha, si ili wafarakishwe bali ili wajue, mtoto wa wazazi wenye urithi huo na apimwe kwa tone la damu ya kisigino angali mchanga, katika miezi ile ambayo bawabu hajaufunga mlango, akionekana na selimundu, na apelekwe kliniki, apewe kinga ya vijidudu na haidroksiyurea kwa kadiri ya tabibu aonavyo, na mama yake aambiwe mbele ya majirani kwamba mwanawe hakurogwa, na kwamba hapana dhambi ya mtu yeyote inayolipwa.